Nani Amefika Nyotani?

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi, Kawangware 46, mwezi wa Ramadhani, baada ya swala ya Alasiri. Imepunguzwa kidogo ili itoshe kurasa za jarida.)



Shukrani zote ni za Allah (S.W.), Bwana wa mbingu na ardhi, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake. Amma baad.

Wazee wangu, mama zetu, na nyinyi vijana wenzangu mliokaa huko nyuma karibu na mlango ili muwahi kutoka: najua matumbo yanaongea, kwa hiyo sitazunguka sana. Nimeombwa nizungumze kuhusu kile ninachosoma chuo kikuu. Ninasoma fizikia, na ndani ya fizikia napenda zaidi somo la nyuklia. Nikilitaja neno hilo hapa mtaani watu hushtuka. Wengi wetu tukisikia nyuklia tunafikiria bomu, basi. Sasa nawauliza: stima ikipotea Kawangware nzima na mbingu ikawa safi, mnaona nini juu? Nyota. Basi kila moja ya hizo ni moto wa nyuklia, na jua ambalo leo limetukausha koo ni mojawapo.

Swali linalofuata huwa ni lile lile kila ninapoliongea jambo hili, na ni swali zuri: nani amefika nyotani akarudi na habari? Hakuna. Nyota iliyo karibu nasi zaidi baada ya jua, nuru yake husafiri zaidi ya miaka minne ndipo itufikie. Na lile jua letu wenyewe, kitovuni mwake joto ni kama nyuzi milioni 15. Hakuna chombo kitakachoingia mle. Kwa hiyo mtu akikwambia "ndani ya nyota kunatokea hiki na hiki", una haki ya kumuuliza amejuaje.

Sisi tuliopita madrasa tumezoea kuuliza hivyo. Ukimletea ustadh habari, anakuuliza: umeipata kwa nani? Na huyo kaipata kwa nani? Akikuta mmoja katika mlolongo hajulikani au kumbukumbu zake ni dhaifu, habari yote inatiliwa shaka hata kama maneno yake ni matamu. Sifananishi hadithi za Mtume (S.A.W.) na mambo ya maabara, huo ni mfano tu wa namna ya kufikiri. Lakini ndivyo ilivyo kwa nyota. Kuna mlolongo wa hatua, kiini cha atomi kinagongana na kingine na kuwa cha tatu, cha tatu kinakuwa cha nne, na kila hatua lazima ipimwe hapa chini, mezani, na mtu mwenye kipimo. Hatua moja ikipimwa vibaya, hesabu ya nyota nzima inakwenda upande.

Mwanzo wake ulikuwa hivi. Karne ya kumi na tisa wataalamu wakubwa wa Uingereza, kama Lord Kelvin, walihesabu kuwa jua haliwezi kuwa na umri zaidi ya makumi machache ya miaka milioni, kwa sababu hawakujua moto mwingine unaoweza kudumu zaidi ya hapo. Miamba ya ardhi nayo ilikuwa inaonyesha dunia ni kongwe kuliko hivyo. Nani mkweli, jua au mawe? Jibu halikupatikana kwa kulitazama jua. Mwaka 1920 Francis Aston, katika maabara yake Cambridge, alikuwa anapima uzito wa atomi. Akakuta kwamba atomi nne za haidrojeni zikiwekwa pamoja ni nzito kuliko atomi moja ya heli, ingawa heli imeundwa na vitu vile vile. Tofauti ni ndogo, kama gramu 7 katika kila kilo moja. Mwaka huo huo Arthur Eddington akasema uzito huo unaopotea ndio nguvu inayowasha jua. Leo tunajua kila sekunde jua hugeuza kiasi cha tani milioni 600 za haidrojeni kuwa heli, na katika hizo kama tani milioni 4 huwa nuru na joto. Mzani mdogo Cambridge ndio uliolipa jua miaka yake.

Sasa njooni nyumbani, maana wengi hudhani mambo haya ni ya Wazungu peke yao na sisi kazi yetu ni kushangaa.

Ukitoka Malindi kwenda kaskazini kuna kijiji cha wavuvi kinaitwa Ngomeni. Baharini mbele yake Waitaliano, chini ya mhandisi Luigi Broglio, walisimamisha majukwaa ya chuma, na kutoka pale wakarusha setilaiti tangu mwaka 1967 hadi 1988. Kwa nini pwani yetu? Kwa sababu iko karibu na ikweta. Pale dunia huzunguka kwa kasi zaidi kuliko sehemu nyingine, na roketi inapata msukumo wa bure. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, ilirushwa pale setilaiti ya Marekani yenye uzito wa kilo 140 hivi. Mama aliyesimamia mradi huo NASA, Marjorie Townsend, aliipa jina la Uhuru kwa kuwashukuru Wakenya waliowapokea. Basi katika vitabu vya elimu ya nyota duniani kote, mpaka Japani, kuna neno la Kiswahili, na vijana wetu wengi hawajui limetoka wapi.

Kazi ya Uhuru ilikuwa kutazama mbingu kwa eksirei. Mnazijua eksirei za hospitali. Nyota nazo huzitoa, lakini hewa ya dunia inazizuia, na lau isingezizuia tungeungua, kwa hiyo ni lazima chombo kipande juu ya hewa. Uhuru ilifanya kazi hadi 1973 na orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339 vya eksirei. Mwanasayansi aliyeongoza kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Mojawapo ya vyanzo hivyo, Centaurus X-3, kilikuwa kinapiga kama mshipa wa moyo, pigo moja kila sekunde 4.8. Ikafahamika kuwa ni nyota ya nyutroni: nyota iliyokufa, ikajikunja mpaka uzito kama wa jua, au zaidi, umebanwa ndani ya tufe la upana wa kilomita 20 na kidogo. Yaani kutoka hapa 46 hadi uwanja wa ndege wa Embakasi, jua zima limeingia hapo. Na pembeni yake kuna nyota nyingine hai ambayo inanyonywa gesi yake.

Halafu tarehe 7 Mei 1975 ikarushwa setilaiti nyingine kutoka hapo hapo Ngomeni, inaitwa SAS-3. Kipindi hicho ndipo wataalamu walipoanza kuona jambo la ajabu: baadhi ya nyota hizi zinawaka ghafla kwa eksirei, ndani ya sekunde moja au mbili zinafika kilele, kisha zinafifia kwa nusu dakika hivi, na baada ya saa kadhaa zinarudia tena. SAS-3 iligundua na kuchunguza nyingi za namna hiyo. Kila mripuko mmoja wa sekunde chache hutoa nguvu ambayo jua letu hutumia siku kadhaa kuitoa.

Nini kinachoripuka? Gesi iliyonyonywa kutoka kwa jirani. Inatua juu ya nyota ya nyutroni, inabanwa na uzito wake, inajikusanya tabaka la mita chache tu, halafu moto wa nyuklia unashika kote kwa mara moja. Mama yeyote aliyewahi kusahau mafuta ya sambusa jikoni anaelewa: kimya, kimya, kisha moto. Joto linapita nyuzi bilioni moja.

Hapo ndipo maabara inapoingia tena. Setilaiti inakuonyesha mripuko umedumu sekunde ngapi. Haikwambii kwa nini. Ndani ya moto ule viini vya atomi vinameza protoni moja baada ya nyingine na kupanda ngazi, kutoka vyepesi kwenda vizito, na vingi vya viini hivyo havipo kabisa duniani. Vikizaliwa vinakufa kabla hujafumba jicho. Ukitaka kuvipima lazima uviumbe wewe, samahani, niseme uvitengeneze, kwa sababu Muumba ni mmoja.

Nitawapa mfano mmoja, maana huu ndio moyo wa mada yenyewe. Kwenye ngazi hiyo kuna kiini cha jemaniamu-64. Kikiachwa peke yake, nusu ya vilivyopo huoza kwa dakika moja na sekunde chache. Ni kidogo kwetu, lakini kwa mripuko unaokwisha kwa nusu dakika huo ni umilele. Kama ngazi inakwama hapo, ni sawa na jam ya barabarani jioni: kila kitu nyuma yake kinasimama. Njia ya kuikwepa jam ni jemaniamu imeze protoni moja iwe arseniki-65, kisha iendelee kupanda. Lakini arseniki-65 haishiki vizuri, ile protoni inataka kudondoka. Swali likawa: inashika kwa kiasi gani? Tofauti ndogo sana ya uzito ndiyo itakayoamua kama kuna jam au hakuna, na kwa miaka mingi wataalamu walikuwa wanakisia.

Mwaka 2011 watafiti katika mji wa Lanzhou, China, walitoa jibu. Walichukua atomi za kriptoni, wakazikimbiza kwa kasi kubwa na kuzipiga kwenye kipande cha madini ya berili. Zikavunjika vipande, na miongoni mwa vipande hivyo zikapatikana arseniki-65 chache. Wakaziingiza kwenye bomba lililokunjwa kama pete, mzunguko wake karibu mita 129, zikawa zinazunguka zaidi ya mara milioni moja kwa sekunde. Iliyo nzito zaidi huchelewa kidogo kumaliza mzunguko. Kwa kupima muda, wakapata uzito. Na uzito ulionyesha kuwa sehemu kubwa ya moto hupita bila kukwama kwenye jemaniamu-64. Fikirini, jambo lililoanza kuchunguzwa na setilaiti iliyopaa mbele ya wavuvi wa Ngomeni, hatua moja ya jibu lake imepatikana China zaidi ya miaka thelathini baadaye, ndani ya bomba. Na kazi haijaisha. Mwaka 2022 huko Michigan, Marekani, kilifunguliwa kituo kinachoitwa FRIB, ambacho kimejengwa hasa kwa ajili ya kutengeneza viini vya namna hii visivyodumu.

Si maabara zote zinahitaji nguvu namna hiyo. Nyingine zinahitaji kimya. Ndani ya nyota zilizotulia kama jua, viini hugongana polepole mno, na ukiiga jambo hilo maabara unaweza kungoja wiki nzima usipate kitu. Wakati huo huo miale kutoka angani inapiga vyombo vyako kila sekunde. Ni kama kujaribu kusikia mtoto anayesoma Juzuu Amma kwa sauti ya chini katikati ya stegi ya matatu, makanga wote wanaita abiria. Basi Waitaliano wakaenda chini ya mlima Gran Sasso, mita 1,400 za mwamba juu ya vichwa vyao, wakaweka pale mashine yao inayoitwa LUNA. Katika vipimo vyao vingine walipata tukio moja au mawili kwa mwezi, wakangoja. Mwaka 2004 walitangaza kwamba hatua moja ambapo naitrojeni humeza protoni ni ya polepole kiasi cha nusu ya ilivyodhaniwa. Kwa kipimo hicho kimoja, umri wa makundi ya nyota kongwe kabisa ukaongezeka kwa karibu miaka bilioni moja. Hakuna aliyegusa darubini. Mimi jambo hilo linanipendeza kuliko roketi zote.

Nisije nikawapa picha kwamba Waislamu hawamo katika habari hii. Mwaka 396 wa Hijria, yaani 1006 Miladia, ilitokea nyota mpya upande wa kusini, na hakuna nyota yenye kung'aa kuliko ile iliyowahi kuandikwa katika historia ya wanadamu. Waliiona China, Japani, Iraki, Yemen na hata Ulaya. Ibn al-Athir ameitaja katika historia yake. Lakini aliyeiandika vizuri zaidi ni Ali ibn Ridwan wa Misri, na alipoiona alikuwa mwanzoni tu mwa masomo yake, kijana kama hawa wa mlangoni. Alisema ukubwa wake ulikuwa mara mbili na nusu hadi tatu ya Zuhura, na nuru yake ilizidi kidogo robo ya nuru ya mwezi. Muhimu zaidi, aliandika mahali pa jua, mwezi na sayari siku ile. Kwa hesabu hizo wataalamu wa siku zetu wameweza kujua tarehe, 30 Aprili, na kujua mahali pa kutafuta. Mwaka 1965 mabaki ya nyota ile yalitambuliwa kwa darubini za redio. Yako umbali wa miaka ya nuru kama 7,000.

Ilikuwa nyota ndogo nyeupe, iliyokwisha kuzimika, ya kaboni na oksijeni, na iliripuka yote isibaki kitu. Katika mripuko wa namna hiyo hutengenezwa nikeli-56 kwa wingi mno. Maabara imepima: nusu ya nikeli hiyo hugeuka kobalti kwa siku 6, na nusu ya kobalti hugeuka chuma kwa siku 77. Sasa angalieni nyota inayoripuka baada ya miezi miwili mitatu: nuru yake hufifia ikifuata mwendo ule wa kobalti. Na mwaka 2014, nyota ya namna hii ilipoonekana katika kundi la nyota linaloitwa M82, setilaiti ya Ulaya, INTEGRAL, ilinasa miale ya kobalti yenyewe. Wapokezi wawili wasiojuana, mmoja yuko maabara na mwingine yuko mbinguni, wanatoa habari moja.

Chuma cha mabati yetu, cha masufuria na cha damu yetu, kwa sehemu kubwa kimetoka kwenye miripuko kama hiyo, na kilichobaki kimetoka kwenye nyota kubwa zinazoporomoka. Najua wapo watakaoniuliza kuhusu Suratul Hadid, na nimeziona video zinazozunguka kwenye simu. Tafsiri nawaachia masheikh, kwa sababu ni elimu yenye masharti yake. Nampinga tu anayebandika tarakimu za uongo juu ya aya ili apate kusambaziwa. Qur'ani haihitaji msaada wa tarakimu za kubuni.

Limeletwa swali hapa kwenye karatasi, mwandiko wa mama nadhani: "Mwanangu, haya ya nyota ni mazuri, lakini mtoto akisoma hayo atakula nini?" Ni swali la haki. Karo inalipwa kwa jasho, wengine hapa kwa kuuza mboga na wengine kwa kufua nguo za watu.

Jibu langu ni hili. Kuna mripuko mwingine mdogo wa nyota, unaitwa nova, ambao wataalamu hutumai kuupima kwa kunasa miale ya florini-18. Kwa sababu hiyo maabara za Marekani na Canada zimetumia miaka mingi kupima jinsi florini-18 inavyozaliwa na inavyoangamia. Florini hiyo hiyo, kiini kile kile, iko Nairobi. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan ilianza kuitengeneza mwaka 2018 kwa mashine inayoitwa siklotroni, na hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta nayo ina mashine yake. Unachukua maji yenye oksijeni nzito, unayapiga kwa protoni, unapata florini-18, unaifunga kwenye sukari, anadungwa mgonjwa. Saratani hula sukari kwa pupa, basi inapojificha inaonekana. Mgonjwa naye hutakiwa afunge saa kadhaa kabla ya kipimo, kwa hiyo sisi tungekuwa tayari mwezi huu.

Kabla ya hapo wagonjwa wengi walipelekwa India kwa kipimo hicho. Ni wangapi hapa hawajawahi kutia mkono kwenye mchango wa tiketi ya mgonjwa? Na haikuwezekana kuiagiza florini India ije kwa ndege, maana inaoza nusu kila baada ya dakika 110. Ikitengenezwa saa moja asubuhi, saa tatu kasoro dakika kumi imebaki nusu. Ikifika saa kumi na moja jioni imebaki kama sehemu mbili tu katika mia. Ni lazima itengenezwe katika mji ule ule alipo mgonjwa, siku ile ile, na mtu anayeijua mashine. Mtu huyo lazima awe amesoma somo hili hili ambalo jina lake linatutisha. Chuo Kikuu cha Nairobi kina taasisi ya sayansi ya nyuklia, na kule Afrika Kusini, karibu na Cape Town, iko maabara ya iThemba ambayo inafanya mambo yote mawili: inapima viini kwa ajili ya nyota na inatengeneza dawa za mahospitali. Anayetaka kujua alama za kujiunga na masomo haya, tukishafuturu anione pale kwenye viatu.